Pumzi moja, shilingi 2,000: yule bwana wa kona amenimaliza

Wanabaraza, naandika nikiwa bado natetemeka kwa hasira. Sina haja ya kumtaja jina, kwa maana hakuna mkazi wa mtaa wa Umoja ambaye hajawahi kumwachia pesa yule bwana wa kibanda cha kona, azungumzaye na wateja akiwa amepandisha miwani ya kuchomelea kwenye paji la uso kama taji.

Mashine yangu ya kuchomelea ya waya, niliyokaa nayo miaka 14, iliishiwa nguvu wiki jana. Waya ulitoka vizuri na feni ilivuma, lakini moto ulikuwa mchovu, ukitema cheche tu na kuuacha mshono umekaa juu ya chuma kama kinyesi cha kuku. Na kwa kuwa nilikuwa natengeneza mlango wa banda lao, kuku wenyewe walinitazama kwa mshangao. Nikaibeba mgongoni hadi kwake.

Alifungua kifuniko cha ubavuni, akainama, akaipuliza kwa mdomo. Mara moja. Fuu! Kama mtu anayepoza uji. Kisha, mbele ya wateja watano na mama wa chapati, akatangaza: "Mzee, dayodi, vile vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, zimekufa, na mashine hii mahali pake ni makumbusho." Akadai shilingi 2,000 za uchunguzi. Uchunguzi! Mita ya kupimia umeme ilikuwa imening'inia msumarini, wala hakuigusa. Daktari wa meno hunitoza chini ya hapo, naye angalau hung'oa kitu.

Nyumbani nikachoma kidogo, nikazima, nikashika klampu ya arthi, kile kibanio kinachoshika chuma kinachochomelewa: nusura iniunguze kiganja. Nilipovuta mpira wake, nikaona mwisho wa kebo umeungua ukawa mweusi, nyuzi za shaba zimeota kutu ya kijani, na zilizoshika hazizidi kumi. Nikakata kipande hicho, nikachuna hadi penye shaba inayong'aa, nikabana upya, na moto ukarudi ukichachatika kama mandazi kwenye mafuta. Dayodi zi hai. Lakini pumzi ile, jamani. Fuu! Elfu mbili.

ChumaMoto: Pole, Mzee, ila mtu wa miaka 14 na mashine, asiyejua kupapasa klampu kabla ya kuibeba mgongoni, alistahili kupulizwa yeye mwenyewe.

FundiMstaafu: Dayodi ikikatika moto hudhoofika kweli, lakini hilo hupimwa kwa mita, halinuswi. Je, ncha ya shaba ya bunduki, kile kishikio kinachotoa waya, uliibadilisha? Tundu lake likipanuka, waya hucheza ndani na moto hukatikakatika.

MwenyeBanda: Niliibadilisha. Tusitoke kwenye hoja: alipuliza.

MamaGeti: Una bahati, wewe umepulizwa tu. Fundi wangu alichomelea geti kwa waya wenye dawa ndani, huku bunduki ikiwa kwenye chanya badala ya hasi, na bawaba ziling'oka siku mkwe wangu alipobisha hodi.

NusuVolti: Mnawaonea mafundi bure. Saa moja jioni, mtaa mzima ukipika, mita yangu husoma volti 195 badala ya 240, na hapo hata mashine mpya hutema. Ukiongeza ekstensheni ya mita 30 yenye nyaya za milimita za mraba 1.5, ampea 15 zikipita, hiyo peke yake hula volti kama 11.

MamaGeti: Volti hazikung'oa geti langu.

ChumaMoto: NusuVolti, 195 ni anasa. Kwetu Kayole jana usiku nimepima 180.

MwenyeBanda: Naomba turudi kwenye ile pumzi.

NusuVolti: 180? Umepima kwa mita gani?

ChumaMoto: Nimeinunua leo asubuhi kwa bwana wa kona. Amenihakikishia kwamba haijawahi kutumika.

FundiMstaafu: Leo asubuhi, nawe ulipima jana usiku?