Msaada: kompleksi yangu inaua bakteria, nitathibitishaje kwamba si shaba tupu?

Mwanakemia_Moro: Wakuu, habari za jioni. Nasoma uzamili wa kemia. Nimetengeneza besi ya Schiff kwa salisilaldehaidi na ethilinidiamini ndani ya ethanoli (salen, fuwele za njano safi), kisha nikaichemsha na asetati ya shaba nikapata kompleksi (shaba iliyoshikwa na salen) ya kijani iliyokolea. Kwenye infraredi, mkanda wa C=N (kifungo cha imini) umeshuka na OH ya fenoli haionekani tena. Diski zenye ligandi (salen pekee, bila shaba) hazikutoa duara lolote (eneo lisilo na bakteria) kwa Staphylococcus aureus, za kompleksi zimetoa. Nimeandika kwamba ukileti (ligandi kuibana shaba kwa atomi zake kadhaa) unapunguza upolari wa ayoni ya shaba, hivyo inapenya utando wa bakteria kwa urahisi. Msimamizi kaniuliza: “Umejuaje si shaba iliyojitenga?” Naombeni ushauri.

Kaka_Titresheni: Swali zuri sana hilo, usilikwepe. Shaba peke yake inaua bakteria. Weka diski za asetati ya shaba na za DMSO tupu (kiyeyusho pekee) kwenye sahani hiyohiyo. Ila usilinganishe kwa miligramu! Cu(salen) ina takriban gramu 330 kwa moli, asetati yenye molekuli moja ya maji takriban 200. Ukipima uzito sawa, asetati inakuwa na shaba nyingi zaidi. Kwa kila miligramu 10 za kompleksi, pima 6 za asetati.

Mama_Agari: Mdogo wangu, mimi niko maabara ya vijidudu. Duara haliniridhishi, maana kompleksi isiyoyeyuka vizuri husambaa taratibu kwenye agari na kuonekana dhaifu hata kama ina nguvu. Tafuta MIC (kiwango kidogo kabisa kinachozuia bakteria kukua) kwenye sahani ya vishimo 96. Rangi ya kompleksi itakusumbua kusoma kuchafuka kwa mchuzi (majimaji ya kuoteshea bakteria), kwa hiyo tumia rangi ya resazurini: ikibaki buluu hawajakua, ikigeuka pinki wamekua.

Kaka_Titresheni: Na pima UV-Vis (mwanga unaofyonzwa) ya kompleksi ndani ya mchuzi, mwanzoni na baada ya saa 24. Imini huweza kuvunjwa na maji, ikarudisha salisilaldehaidi, nayo si rafiki wa bakteria. Spektra ikibadilika, maelezo ya utando yaondoe kwanza.

Mwanakemia_Moro: Asanteni sana. Asetati ipo, naanza nayo kesho. MIC zikilingana je?

Mama_Agari: Zikilingana kwa moli ya shaba, andika hivyohivyo. Ni matokeo halali, tena wengi hawajipi taabu ya kupima.