Mende wa Madagaska: kukwama kwenye gamba na wadudu weupe

Swali: Wakuu, mende wangu wawili wachanga wamekwama wakijivua gamba, mmoja mguu umepinda. Pia kuna vidudu vyeupe vinatembea juu ya wakubwa. Joto la boksi ni 27°C, unyevu 40%. Niwavute gamba?

Jibu: Usivute kabisa. Ngozi mpya bado laini, utaichana na atavuja hadi afe. Tatizo ni hiyo 40%. Pandisha hadi 60–70: nyunyizia maji upande mmoja tu wa boksi, ule mwingine ubaki mkavu. Weka magome ya kusimama, maana hujivua wakining'inia. Akitoka mweupe pe usishtuke, atakuwa kahawia baada ya saa chache. Mguu uliopinda huweza kunyooka kwenye gamba lijalo, ila mende mkubwa hajivui tena.

Jibu: Kuhusu vidudu, angalia vinakaa wapi. Vikikimbia kati ya miguu ya mende, ni utitiri wao wa asili; hula mabaki ya chakula na hauwadhuru. Vikijazana kama unga kwenye chakula na kuta, huo ni utitiri wa nafaka. Toa matunda kabla hayajaoza, badilisha matandiko yote, osha boksi kwa maji moto. Dawa ya kupulizia usiguse, itaua mende wako kwanza.

Muulizaji: Na maji ya kunywa?

Jibu: Kisahani chenye pamba iliyolowa. Maji matupu huwazamisha wachanga.