Wakala wa matangazo anautaka wimbo wangu kwa tangazo la TV, "haki zote, milele". Nisaini?

sauti_ya_pili (mwanzisha uzi)

Wakuu habari zenu. Naombeni ushauri, na mnisamehe, uzi ni mrefu kidogo.

Mimi ni mwanamuziki huru, sina lebo wala meneja. Miaka miwili iliyopita nilitoa wimbo ambao haukwenda popote, uliishia kwa watu wachache wanaonifuatilia. Wiki iliyopita nikapata baruapepe kutoka kwa wakala wa matangazo. Mteja wao ni kampuni ya mikopo ya kwenye simu na wanataka kiitikio changu kwa tangazo la runinga. Nikajua ni matapeli, nikawapotezea siku tatu. Wakapiga simu. Kumbe ni kweli.

Yananikaba mambo mawili. La kwanza ni mkataba. Una kurasa mbili tu, na kipengele kikuu kinasema natoa "haki zote za wimbo, milele, duniani kote, kwa vyombo vyote vilivyopo na vitakavyobuniwa". Malipo ni mkupuo mmoja. Si haba, kwa mtu kama mimi ni pesa ya kununua vifaa vya studio na chenji ikabaki. Wanataka jibu kabla ya Ijumaa.

La pili ndilo linaloninyima usingizi. Wimbo niliuandika baada ya baba kufariki. Alituachia madeni, na kiitikio ni maneno aliyokuwa akiwaambia wadai mlangoni: "Kesho nitarudisha, kesho si mbali." Nimekiimba kwa uchangamfu kwa sababu ndivyo alivyokuwa akiyasema, anacheka, mkono umeshika kitasa. Wao wamesikia uchangamfu tu. Kwenye michoro ya tangazo waliyonitumia, kijana anaona mkopo umeingia kwenye simu, anaruka juu, na kiitikio kinaanzia hapo hapo miguu ikiwa hewani.

Nichukue, nikatae, au kuna njia ya katikati?

Kapuku_Mstaarabu

Mkuu chukua hela. Wimbo umelala miaka miwili, tangazo litauamsha. Mzee apumzike kwa amani, naye angekwambia chukua.

nyuzi6

Usithubutu. Kuna nyimbo nilizipenda utotoni, leo zikipigwa mimi naona sabuni tu. Hao mashabiki wachache ulio nao ndio wanaoijua hadithi ya baba yako. Utawaambia nini?

Kapuku_Mstaarabu

Mashabiki wachache hawalipi kodi ya studio @nyuzi6. Nick Drake alikufa 1974, albamu zake hazikuuzika akiwa hai. Volkswagen wakaweka wimbo wake mmoja kwenye tangazo la gari mwaka 1999, watu wakakimbilia madukani kutafuta huyu ni nani. Moby naye mwaka huohuo alitoa albamu ya nyimbo 18, zote zikapewa vibali vya matangazo, filamu na vipindi vya TV. Redio zilikuwa hazimpigi, matangazo ndiyo yaliyompeleka kwa watu.

nyuzi6

Drake hakuulizwa, alikuwa kaburini. Waliokubali ni wasimamizi wa urithi wake. Na Adam Yauch wa kundi la hip-hop la Beastie Boys aliacha wosia muziki wake usitumike kwenye matangazo, mbona humtaji huyo?

MezaYaMiksi

Nyie mnagombania kama auze au asiuze, wakati hajaambiwa kitu gani kinanunuliwa. Ndugu, hilo uliloletewa si ombi la kutumia wimbo. Ni ununuzi wa wimbo wenyewe. Ukisaini hivyo, kesho hata wewe kuuimba jukwaani utakuwa unaomba ruhusa kwao.

Leseni ya tangazo ina mipaka. Kwanza muda: mwaka mmoja ni kawaida, kuna za miezi mitatu, na wakitaka kuendelea wanalipa tena. Halafu wapi: nchi moja, kanda, au dunia nzima. Halafu kwenye nini: runinga peke yake, au na mitandao, redio, sinema, skrini za madukani. Kila unachoongeza kina bei yake, ndiyo maana wamekuandikia "vyote" kwa neno moja, bei isionekane. Uliza pia watakata vipande vingapi. Tangazo la sekunde 30 huzaa la 15 na la 6, na kwenye hilo la 6 mstari wako unaweza kubaki nusu. Na kama wanataka usiimbie mshindani wao, iandikwe mshindani wa mikopo tu. Wasikuzuie kwenye viatu na magari.

Jambo jingine, wimbo mmoja una haki mbili na watu wengi hawajui. Kuna utunzi, yaani maneno na melodia, na kuna masta, yaani rekodi yenyewe. Mwenye tangazo anahitaji vyote viwili. Mwaka 1987 Nike walitumia rekodi halisi ya The Beatles. Walikuwa na kibali cha lebo kwa upande wa rekodi, na cha Michael Jackson aliyekuwa amenunua haki za utunzi. Bado kampuni ya Beatles ikawashtaki, kesi ikaja kumalizwa nje ya mahakama. Hao walikuwa na karatasi zote na mawakili juu. Wewe una karatasi gani? Biti katengeneza nani? Gitaa kapiga nani? Mliandikishana?

sauti_ya_pili

Asante sana @MezaYaMiksi (mimi ni dada, si mkuu 😅). Maneno na melodia ni vyangu. Gitaa la mwanzo alipiga rafiki yangu, ile milio minne inayoanza wimbo ni yeye aliyeibuni tukiwa tumekaa chini sebuleni. Hatukuandikishana chochote. Biti nilinunua mtandaoni kwa prodyuza ambaye sijawahi kumuona.

MezaYaMiksi

Ulinunua au ulikodi?

sauti_ya_pili

Hapo ndipo sielewi. Nililipa, nikapakua faili.

MezaYaMiksi

Kwenye hilo folda la zipu kuna PDF ambayo hukuifungua. Hakuna anayeifungua. Ifungue.

Kapuku_Mstaarabu

Mimi nimekaa pale nasubiri hiyo PDF.

sauti_ya_pili

Nimeipata. Imekaa kwenye simu yangu ya zamani miaka miwili. Inaniruhusu kuweka wimbo kwenye majukwaa ya kusikiliza muziki hadi idadi fulani, na video moja. Halafu chini, kwa herufi ndogo: hairuhusiwi kutumika kwenye matangazo ya biashara, filamu wala runinga bila kibali cha maandishi cha mtengenezaji. Na inasema prodyuza anabaki na haki ya kuikodisha kwa wengine.

Nimekaa kimya kama dakika kumi hivi.

MezaYaMiksi

Usijilaumu dada yangu, umewahi kabla ya Ijumaa. Maana yake ni hii: biti yako wanaweza kuwa nayo wasanii wengine ishirini, kila mmoja na wimbo wake juu yake. Huwezi kumuahidi mtu upekee wa kitu ambacho wewe mwenyewe hunao. Sasa rudi kwenye mkataba wa wakala, tafuta kipengele kinachosema unathibitisha kwamba unamiliki kila kitu, na kwamba likitokea dai lolote gharama ni zako. Nakuhakikishia kipo.

sauti_ya_pili

Kipo. Ukurasa wa pili, juu kabisa ya sehemu ya sahihi.

wakili_wa_jioni

Nimesoma uzi wote. Sheria hutofautiana nchi na nchi, kwa hiyo kabla ya kusaini umuone mwanasheria wa hakimiliki aliye karibu nawe. Saa moja ya mwanasheria ni rahisi kuliko kipengele kile.

Una milango miwili. Wa kwanza, mtafute huyo prodyuza, umwombe kibali cha tangazo au ununue biti moja kwa moja, kwa maandishi. Jihadhari, akisikia neno "runinga" bei inapanda. Wa pili, mwambie wakala kwamba unatoa leseni ya utunzi tu, na rekodi mpya itafanywa bila biti ile. Hapo lakini rafiki yako wa gitaa anaingia. Kama ile milio minne itakuwemo kwenye rekodi mpya, yeye ni mtunzi mwenzako. Andikeni mgawo wa asilimia kabla pesa haijaingia. Ikishaingia kila mtu anakumbuka alitunga zaidi.

Kuhusu baba yako. Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, kifungu cha 6bis, unampa mtunzi haki ya kupinga kazi yake kupotoshwa kwa namna inayomvunjia heshima, hata kama ameshauza haki nyingine. Kwa karatasi inapendeza. Kiutendaji, ukisaini mchoro umeuona kwa macho yako, utasimama wapi useme umepotoshwa? Kinachokulinda ni kipengele: tangazo lisirushwe kabla hujaidhinisha toleo la mwisho kwa maandishi, na maneno yasikatwe kubadili maana. John Fogerty wa bendi ya Creedence alisikia wimbo wake wa kuwasema watoto wa wakubwa waliokwepa vita ukiuza jinzi za Wrangler. Walichukua mistari ya mwanzo inayotaja bendera, wakaishia kabla ya dongo. Alilalamika, lakini haki za utunzi hakuwa nazo yeye.

nyuzi6

Huyo Fogerty ndiye wewe, dada.

besi_ya_bibi

Nami niongeze dogo, niliumwa na hili. Tangazo langu lilienda hewani sijasajili wimbo kwenye chama cha hakimiliki. Katika nchi nyingi kila tangazo likirushwa runingani mtunzi ana mrabaha wake, tofauti na malipo ya leseni, ila kama hujasajiliwa hakuna wa kukutafuta. Na "haki zote" inabeba hata hiyo. Pia kampuni inayosambaza wimbo wako mtandaoni huenda imeuweka kwenye mfumo wa kutambua sauti wa YouTube. Mteja akipandisha tangazo kule, mfumo utalishika kama wizi. Mimi nilipigiwa saa nne usiku na mtu anafoka, nikaambiwa nimehujumu kampeni, wala sikujua kosa langu. Waambie wasambazaji waiweke chaneli ya mteja kwenye orodha ya walioruhusiwa, mapema.

Kapuku_Mstaarabu

Nabadilisha kauli. Chukua hela, lakini si hii.

sauti_ya_pili

Mrejesho. Jana niliwaandikia wakala: si haki zote, mwaka mmoja, nchi moja, runinga na mitandao, niidhinishe toleo la mwisho, na kuhusu biti nikasema ukweli. Niliomba pia mstari mmoja wa ubeti uingie kabla ya kiitikio, ule unaotaja mlango na wadai, ili mtu ajue nani anasema.

Yule dada wa wakala ni mstaarabu, alinipigia mwenyewe. Muda na nchi hakuna shida, kasema ile ya kurasa mbili ni "ya kuanzia tu", wengi husaini. (Wengi husaini!) Ubeti hapana, mteja hawezi kutaja wadai kwenye tangazo la mikopo. Halafu akamalizia kwa sauti laini: nikikataa si tatizo, wana mwimbaji anayeweza kufanya kitu kinachofanana na hicho.

wakili_wa_jioni

Mwandikie baruapepe leo: "Katika mazungumzo yetu ya simu ulisema kwamba..." Weka tarehe. Na baruapepe yao ya kwanza ya kuuomba wimbo itunze.

Bette Midler alikataa kuimba kwenye tangazo la Ford. Wakala wa Ford walikuwa na kibali halali cha utunzi, wakamchukua mwitikiaji wake wa zamani wakamwambia aimbe kama yeye. Mwaka 1988 Mahakama ya Rufaa ya Marekani ikasema huwezi kumuiga mwimbaji mashuhuri ili kuuza bidhaa, na Midler akaja kulipwa dola 400,000. Mwimbaji Tom Waits naye alishinda dhidi ya kampuni ya vitafunwa ya Frito-Lay kwa kosa kama hilo, rufaa ikaamuliwa 1992, fidia ikapita dola milioni 2. Hizo ni sheria za kule na za sauti zinazojulikana na wengi, usizitegemee kwa asilimia mia. Kinachokulinda zaidi ni melodia na maneno. Wakivigusa hivyo, barua zako ni ushahidi kwamba waliujua wimbo na walijua hujakubali.

MezaYaMiksi

Kuna njia moja hujaitaja. Melodia bila maneno. Mluzi au gitaa tupu. Hakuna baba, hakuna kesho. Matangazo mengi yanataka hisia tu, maneno yanawasumbua.

sauti_ya_pili

Wakuu, narudi mara ya mwisho kwa leo.

Jana usiku nilimsomea mama huu uzi, wote, hadi ule utani wa sabuni. Alicheka hapo kwenye sabuni. Nilipofika kwenye kiitikio akaninyamazisha. Akasema nimekosea tangu nilipouandika. Baba hakuwa mtu wa kucheka na wadai. Alikuwa anacheka kwa sauti ili sisi tuliokuwa chumba cha ndani tusijue ni wadai. Kitasa alikishika ili mlango usifunguke zaidi.

Mimi nilikuwa chumba cha ndani. Nilijua ni wageni.

Nimewaandikia wakala: maneno hapana. Melodia kwa gitaa tupu, rekodi mpya bila biti, mwaka mmoja, hiyo tunaweza kuzungumza. Ijumaa imepita hawajajibu. Jumamosi nakaa na rafiki yangu wa gitaa tuandike mgawo. Nilipomwambia ile milio minne ina thamani yake alidhani namtania.

Kapuku_Mstaarabu

Ubeti utauandika upya?

sauti_ya_pili

Nimeshaanza.