Vishikwambi kumi, au projekta moja, kwa Darasa la Pili?

Mzazi wa Muheza

Ndugu wana jukwaa, salaam. Mimi ni mjumbe wa kamati ya shule katika shule moja ya msingi wilayani Muheza, upande wa mashamba ya mkonge, ambako wazazi wengi huondoka alfajiri na watoto hujiandaa wenyewe kwenda shule. Watu waliosoma hapo zamani wamechanga fedha na kututaka tuzitumie kwa teknolojia itakayowavutia watoto wapende kusoma, bila kutueleza zaidi. Fedha hizo zinatosha kununua vishikwambi kumi, au projekta moja na spika yake pamoja na mfumo mdogo wa sola, kwa kuwa umeme wetu hukatika mara kwa mara. Kamati imegawanyika: vijana wanataka vishikwambi, na wazee wanasema vitaishia kwenye gemu. Mimi ninachokihofia zaidi ni kwamba Darasa la Pili lina watoto themanini, na baadhi yao hadi sasa hawajaweza kuunganisha silabi. Mwenye uzoefu naomba atueleze kilichofaa na kilichoshindikana.

Mwalimu wa Mkinga

Mzazi mwenzangu, mimi ninafundisha madarasa ya chini, kwa hiyo nitasema ninayoyaona kila siku. Kabla ya kuhesabu vifaa, hesabuni dakika. Vishikwambi kumi kwa watoto themanini ni kifaa kimoja kwa watoto wanane, na katika kipindi cha nusu saa kila mtoto atakishika kwa muda usiofika dakika nne, tena ikiwa wote watagawana kwa haki. Hawagawani. Kishikwambi hushikwa na yule anayejua tayari, ambaye hubonyeza jibu upesi, na yule asiyejua huridhika kutazama mabega ya wenzake, kwa hiyo anayekusudiwa kusaidiwa ndiye anayekosa.

Jambo la pili ni kwamba walimu wengi tayari tuna vishikwambi, vile vilivyotumika katika Sensa ya mwaka 2022 kisha vikagawiwa shule. Mimi hutumia hicho hicho pamoja na spika ndogo. Huchagua kipande kifupi cha Akili and Me au Ubongo Kids, vipindi vya katuni vilivyotengenezwa hapa nchini kwa Kiswahili, nami hukisitisha kabla jibu halijatolewa ili watoto waseme wao kwanza linalofuata na sababu yake. Hapo ndipo darasa linapochangamka. Video ikiachwa ienende hadi mwisho wanakaa kimya, na ukimya huo mgeni anaweza kudhani ni usikivu. Baada ya hapo tunazima, tunatoka nje, herufi zinaandikwa mchangani na hesabu zinafanywa kwa vizibo vya soda.

Kitu kingine kisichogharimu chochote ni kinasa sauti. Ninawarekodi watoto watatu watatu wakisoma aya fupi, kisha ninawasikilizisha. Mara ya kwanza wanacheka tu. Siku zinazofuata wanaomba wenyewe kurudia, kwa sababu wamesikia mahali walipokwama, na mtoto aliyelisikia kosa lake kwa sikio lake hahitaji kukaripiwa. Watoto wangu wengi huzungumza Kidigo nyumbani, kwa hiyo nimewahi pia kumrekodi bibi mmoja wa kijijini akisimulia hadithi kwa Kidigo, nao wakaisimulia upya kwa Kiswahili, kisha tukaiandika ubaoni ikawa somo la kusoma.

Fundi wa Ngamiani

Mimi si mwalimu, ila vifaa vya shule huletwa mezani kwangu vikiwa vimeharibika, na projekta ni miongoni mwavyo. Projekta inataka chumba chenye giza, na madarasa yetu yana madirisha mapana, kwa hiyo ifikapo saa tano picha imefifia na watoto wa nyuma hawaoni kitu. Vumbi nalo huingia kwenye feni na kuiua taratibu. Kwa fedha hiyo hiyo ningenunua televisheni bapa, ambayo inaonekana mchana na haili umeme mwingi. Msitegemee bando. Vipindi vipakuliwe mara moja mjini Tanga, viwekwe kwenye flashi mbili, moja ikae kwa mwalimu mkuu. Betri ya sola isiachwe kuisha kabisa kila siku, kwani hufa mapema, na fungu la matengenezo litengwe sasa, kabla hamjanunua chochote.

Mzazi wa Muheza

Nawashukuru sana. Wale waliotuchangia fedha, hata hivyo, wanashikilia kwamba hapa hapa mkoani Tanga watoto walijifunza kusoma kwa vishikwambi bila mwalimu. Je, ni kweli?

Mratibu mstaafu, Korogwe

Ni kweli, lakini jambo hilo linahitaji kusomwa vizuri. Lilikuwa shindano la Global Learning XPRIZE, la kutengeneza programu ambazo mtoto anaweza kujifunza nazo mwenyewe. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2017, kwa muda wa miezi 15, watoto karibu 3,000 katika vijiji takriban 170 vya mkoa wetu walipewa vishikwambi vyenye programu za Kiswahili, na vijiji vikawekewa vituo vya kuchajia kwa nguvu ya jua. Mwanzoni zaidi ya asilimia 90 ya watoto hao hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili, na mwishoni idadi hiyo ilikuwa imepungua kwa nusu. Mwezi Mei 2019 timu mbili zilizoshinda, onebillion na Kitkit School, ziligawana zawadi ya dola milioni 10.

Sasa tazameni tofauti. Takriban robo tatu ya watoto wale walisema hawajawahi kwenda shule, na kila mmoja alikuwa na kifaa chake. Jaribio lile lilijibu swali la mtoto asiye na mwalimu. Watoto wenu wanaye, na hawatakuwa na kifaa kila mmoja. Nchini Peru, ambako shule za vijijini ziligawiwa kompyuta ndogo za One Laptop per Child, mpango wa kumpa kila mtoto kompyuta yake, tathmini iliyotolewa mwaka 2012 haikuona nafuu yoyote katika hesabu wala lugha. Majirani zetu wa Kenya, katika mpango wao wa kufundisha kusoma uitwao Tusome, waliwapa vishikwambi maofisa wanaotembelea madarasa ili wamsaidie mwalimu, na watoto wakapewa vitabu. Mimi naona hiyo ndiyo njia ya busara zaidi.

Ushauri wangu ni televisheni aliyoisema fundi, pamoja na vishikwambi viwili au vitatu kwa ajili ya wale waliokwama kwenye silabi tu, wakae wawili wawili baada ya vipindi. Kabla ya kununua, mwalimu amsikilize kila mtoto akisoma kwa dakika moja na kuandika idadi ya maneno aliyoyasoma sawasawa, kisha afanye hivyo tena mwisho wa muhula. Wachangiaji wapelekewe daftari hilo badala ya picha za watoto wakitabasamu na vishikwambi mkononi. Lakini mbona hamjatueleza mwalimu wa darasa lenyewe anasemaje?

Mzazi wa Muheza

Mzee wangu, hakuna aliyemuuliza. Kikao kijacho ni Jumamosi, nami nitamwomba mwenyekiti amwalike.