Izumi Shikibu: yasomwe mashairi gani jukwaani, na yasomweje?

mdau_majengo (Moshi)
Wakuu, salaam. Kikundi chetu cha ushairi kimepewa dakika 20 kumzungumzia Izumi Shikibu, mshairi wa kike wa kasri la Japani. Mpango ulivyo sasa: wasifu dakika 5, halafu mashairi 12 mfululizo kwa Kiswahili, kila moja mishororo mitano yenye vina, na moja tuliandike kwenye manila kubwa nyuma ya wasomaji. Wenye kumjua, mpango huu umekaaje? Na je, mizani ya 5-7-5-7-7, yaani idadi ya silabi katika kila kipande cha shairi la Kijapani, inahesabika kwetu? Halafu yeye na Murasaki Shikibu ni ndugu?

njiro_juu (Arusha)
Si ndugu. Shikibu ni jina la wizara ya sherehe walikotumikia wanaume wa ukoo, na Izumi ni mkoa aliotawala mume wake wa kwanza, Tachibana no Michisada. Wanawake wa kasri waliitwa kwa vyeo vya waume na baba zao. Wote wawili walimtumikia Malkia Shoshi, Izumi akiingia mnamo 1009, na Murasaki kaandika katika shajara yake kwamba mwenzake ana kipaji cha barua lakini mwenendo wake una walakini. Msomeni huyo Murasaki kwa tahadhari, walikuwa washindani chini ya paa moja.

Mashairi 12 mfululizo yatawaua. Mengi ya mashairi yake yalikuwa barua, yana aliyetumiwa na yana jibu. Ukiyasoma bila jibu lake, wasikilizaji wanapata upande mmoja wa simu.

Chukueni mwanzo wa shajara ya Izumi. Ni mwezi wa nne wa 1003, karibu mwaka mzima tangu afe mpenzi wake, Mwanamfalme Tametaka. Anakuja kijana mtumishi aliyekuwa wa marehemu, sasa yuko kwa mdogo wa marehemu, Atsumichi. Kaleta tawi la maua ya tachibana, jamii ya mchungwa, bila shairi. Kila msomi wa kasri alilijua shairi la kale ambalo harufu ya maua hayo inamkumbusha mtu mpenzi wake wa zamani, kwa hiyo tawi tupu lilitosha kuwa swali. Yeye akajibu kwamba kuliko kulinganisha harufu, angependa kumsikia ndege hototogisu, ajue kama sauti ni ileile. Maana yake: wewe na kaka yako mnafanana? Atsumichi akarudisha kwamba ndege wale waliimba kwenye tawi moja, sauti haijabadilika. Mambo yakaanza hapo. Kabla ya mwaka kwisha alikuwa amehamia kwa Atsumichi, na mke mkubwa akaondoka.

Tawi, swali, jibu: hiyo peke yake ni dakika 6, na hakuna atakayesinzia. Msimulizi aseme "mwanamke yule", asiseme "mimi", kwa sababu shajara yenyewe imeandikwa hivyo.

mizani31 (Arusha)
Mizani inahesabika vizuri sana, sisi ndio tumezoea. Angalieni tu tofauti hizi: kwa Kijapani irabu ndefu ni mizani mbili na "n" ya mwisho wa silabi ni mizani moja, kwa Kiswahili "m" ya "mlima" inajitegemea, ila "mb", "nd" na "ng" hazikatwi. Mfano, shairi alilompelekea mtawa Shoku wa Mlima Shosha:

*Kuraki yori / kuraki michi ni zo / irinubeki / haruka ni terase / yama no ha no tsuki*

Jaribio langu:

*Toka kizani / naingia kizani / ndiko nendako / nimulikie mbali / mwezi wa mlimani*

Kiza kuingia kizani kimetoka katika Sutra ya Lotus, na mwezi ni mtawa mwenyewe na mafundisho yake. Najua mtavutwa kuandika "mwezi juu ya Kibo", nayo inatimiza saba sawasawa. Acheni.

Vina toeni vyote. Vina hufunga kila mshororo, na hapa msomaji anatakiwa apumue mara moja tu, baada ya 5-7-5, kisha amalizie 7-7. Hata hiyo mishororo mitano ni mazoea ya wafasiri. Wajapani huliandika kwa mstari mmoja au miwili. Na msiogope kipande kikizidi kwa mizani moja. Lile la vimulimuli wa Kibune, anaowaona kama roho yake iliyotoka mwilini kwa mawazo, linaanza *mono omoeba*, mizani sita, na likaingizwa katika Goshuishu, mkusanyo wa kifalme wa 1086.

mdau_majengo
Nimewaelewa, tunapunguza. Basi manila tuiache, msomaji apokee barua kwenye tawi. Inafungwaje?

njiro_juu
Karatasi nyembamba ya rangi, ile laini ya kufungia zawadi. Ikunjeni kwa urefu hadi ibaki utepe wa sentimita 2 hivi, zungusheni kwenye tawi, pigeni fundo moja, nusu ya chini ya tawi ili isiteleze. Karatasi ya fotokopi hupasuka penye fundo. Maka peni hupenya hadi mkunjo wa pili, tumieni brashi na wino mzito, mwache ukauke kabla ya kukunja. Tawi la mchungwa au mlimau likatwe siku hiyohiyo na lifutwe maji, majani mabichi huchafua maandishi. Mleta barua asiondoke jukwaani. Kwa desturi yao mjumbe alisubiri jibu, na kuchelewa kujibu kulikuwa jibu tayari.

mizani31
Kama zinabaki dakika, malizieni na lile alilomlilia binti yake, Koshikibu, aliyekufa kwa uzazi mwaka 1025. Izumi anauliza: ameacha watoto, ameacha na mama, huko aliko anamlilia nani zaidi? Halafu anajijibu kwamba ni watoto, kwa kuwa kwake yeye mwana ndiye aliyezidi. Hilo lisomwe na mtu mmoja, bila ngoma wala kinanda nyuma.