Kalsiamu inazuia presha ya mimba? Naombeni ushauri

MamaGungu: Habari za jioni wakuu. Niko Gungu hapa Kigoma, ujauzito wa miezi saba. Nimesikia kalsiamu inazuia presha ya mimba, nimeshanunua kopo duka la dawa. Nimeze vingapi kwa siku? Na nikila dagaa kwa wingi kuna haja ya vidonge? Nina wasiwasi hadi usingizi sipati.

FundiMitumbwi: Dada, dagaa wetu wanatosha kabisa, ila wale wazimawazima, kalsiamu iko kwenye mifupa. Mke wangu alipobeba mapacha nilikuwa nawafuata Kibirizi alfajiri mitumbwi ikiingia. Watoto wametoka na nguvu hao! Siku hizi bei haishikiki, fungu dogo unalia.

BiMkubwa_Ujiji: Kabla ya yote, mumeo yuko wapi? Mambo ya kliniki mnakwenda wawili, siyo kuuliza watu usiowajua.

MuuguziMstaafu: Mdogo wangu, WHO inashauri gramu 1.5 hadi 2 za kalsiamu kwa siku kwa wajawazito wa maeneo ambayo chakula hakina kalsiamu ya kutosha. Utafiti wa Dar es Salaam na India uliotoka 2024, kwa wanawake wa uzazi wa kwanza, ulionyesha miligramu 500 zinazuia priklampsia, yaani hiyo presha ya mimba unayoisema, karibu sawa na 1500. Usimeze pamoja na vidonge vya damu, acha saa kadhaa katikati. Ila hiyo ni kinga. Kliniki presha yako ilisomaje?

MamaGungu: Ilipanda kidogo tu.

MuuguziMstaafu: Kidogo ngapi? Soma kwenye kadi.

MamaGungu: 150/100. Na mkojo ulikuwa na protini. Walinipa dawa ya presha, methaildopa, nikaiacha, inanilegeza mpaka gengeni sikai. Kalsiamu ni madini tu, haiwezi kunidhuru. Kliniki sijaacha, tarehe ikifika nitaenda. Halafu mimba ya kwanza nilipata kifafa cha mimba, mtoto hakupona, na dawa hizohizo za presha nilikuwa nameza. Sasa zilinisaidia nini?

BiMkubwa_Ujiji: Pole mwanangu. Lakini hilo ndilo lilikuwa la kuanza nalo!

MuuguziMstaafu: Pole sana. Mwenye historia hiyo huanzishiwa aspirini ya dozi ndogo mapema, kabla ya wiki ya 20. Presha ikishapanda, kalsiamu haiishushi. Usiifanye mbadala wa methaildopa. Kichwa kinauma?

KijanaWaReli: Jamani mnajibu hadithi ya kutunga. Akaunti imefunguliwa leo. Alianza na dagaa, sasa kuna kifafa, kuna mtoto, kila akiulizwa linaongezeka jambo. Subirini, kesho ataleta namba ya muuza virutubisho.

FundiMitumbwi: Hata mimi nimeanza kushtuka. Uzi wa mafuta ya kitambi uliishia hivihivi. Tuma picha ya kopo tuone lebo.

KijanaWaReli: Na kadi pia, jina ulifiche.

BiMkubwa_Ujiji: Mtu anazungumzia mtoto wake aliyemzika, nyie mnadai picha?

MamaGungu: Siuzi kitu. Kusoma lebo siwezi, tangu mchana naona nyotanyota na kichwa kinapasuka. Anayeniandikia ni wifi yangu.

MuuguziMstaafu: Wifi, nisikilize. Presha ile, protini, kichwa na nyotanyota: hiyo ni dalili ya priklampsia kali. Usingoje tarehe ya kadi, mpeleke hospitali usiku huu. Wana sindano ya magneziamu salfeti ya kuzuia degedege, na wao ndio wataamua kama azalishwe. Mlangoni tu waambie mimba ya kwanza alipata kifafa. Akianza kutetemeka njiani mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni.

KijanaWaReli: Kama ni kweli niko Mwanga, nina rafiki mwenye bajaji. Msimpakie bodaboda.

FundiMitumbwi: Picha bado sijaiona lakini.

BiMkubwa_Ujiji: Fundi, nyamaza.

MamaGungu: Ni mimi wifi. Bajaji ya jirani imefika. Anauliza kopo la kalsiamu alibebe?

MuuguziMstaafu: Beba, pamoja na kadi na zile za presha alizoziacha. Wazione zote.