Damu ya kijana, uchovu wa mzee

Shangazi: Assalaam aleikum, ndugu zangu. Majibu ya kinyama kilichokatwa kwenye utumbo wa kijana wetu yametoka leo, naye ameniruhusu niwaeleze. Ni saratani ya utumbo mpana, sehemu ya chini kabisa, karibu na njia ya haja kubwa. Jumatano ataonana na daktari wa upasuaji.

Baba Mdogo: Waaleikum salaam, dada. Mwenyezi Mungu amfanyie wepesi. Kuna jambo linanitatiza. Marehemu baba alipatwa na ugonjwa huu huu akiwa na miaka 72, lakini hatukuona hata tone la damu. Alikuwa akichoka tu. Huyu ana miaka 34 na ametokwa na damu tangu Ramadhani. Inakuwaje ugonjwa ni mmoja na dalili ni mbili?

Shangazi: Uvimbe wa baba ulikaa upande wa kulia, mwanzoni mwa utumbo mpana, ambako njia ni pana na kinyesi bado ni majimaji, kwa hiyo unaweza kukua muda mrefu bila kuziba kitu, na damu inayovuja kidogo kidogo huchanganyika na kinyesi isionekane kwa macho. Kinachojitokeza ni upungufu wa damu: kuhema, moyo kwenda mbio, uchovu usiokwisha. Upande huo huwapata zaidi wazee. Vijana wengi hupatwa upande wa kushoto na chini kabisa, ambako njia ni nyembamba, hivyo damu hutoka nyekundu, tumbo husokota na choo hubadilika. Hata hivyo wapo wazee wanaotokwa na damu, na wapo vijana wanaochoka tu. Msichana akiishiwa damu, watu husingizia hedhi.

Bado naiona siku ile barazani, baba ameshika kikombe chake cha kahawa, nami nikamvuta kope la chini nikakuta ndani peupe kama karatasi. Nilikuwa muuguzi wa miaka mingi, lakini nilimwambia ale maini na matembele, nikaamini ni uzee. Mwanamume yeyote aliyepungukiwa damu kwa kukosa madini ya chuma anapaswa kutafutiwa chanzo, hata awe na umri gani.

Kijana wetu: Shikamooni wazazi wangu. Mimi nilikwenda zahanati mara mbili, na mara zote mbili niliambiwa ni bawasiri, nikapewa tyubu ya dawa ya kupaka. Hakuna aliyevaa glovu akanipima. Niliambiwa kwamba kwa umri wangu nisiwaze mengine, nami nikafarijika, kwa sababu ndilo jibu nililotaka kusikia.

Shangazi: Marahaba, mwanangu. Usijilaumu. Damu kwa kijana mara nyingi huwa ni bawasiri kweli, au amiba, au kichocho. Lakini ikiendelea baada ya matibabu, au ikiambatana na kupungua uzito au choo kilichobadilika kwa wiki kadhaa, lazima apimwe kwa kidole na kisha kwa kamera.

Dada yake: Shikamoo Shangazi. Mwigizaji Chadwick Boseman wa Marekani aligunduliwa mwaka 2016 ugonjwa ukiwa hatua ya tatu, akafariki Agosti 2020 akiwa na miaka 43. Mwaka uliofuata jopo la wataalamu wa huko lilishusha umri wa kuanza uchunguzi kutoka miaka 50 hadi 45, lakini hata kwa umri huo kaka asingefikiwa. Je, sisi wa tumbo moja naye tufanyeje?

Shangazi: Marahaba. Miongozo ya huko huko inasema ndugu wa karibu waanze wakiwa na miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri aliougulia mgonjwa, kutegemea kipi kinatangulia. Toa 10 katika 34, unapata 24. Wewe una 29, kwa hiyo muda wako umeshapita. Na sisi watoto wa marehemu tulipaswa kuanza tukiwa na 40.

Baba Mdogo: Mimi nina miaka 53 na sijawahi kupimwa. Nitakuja nanyi Jumatano nikaombe tarehe yangu.

Shangazi: Njoo, kaka. Ukipangiwa tarehe, jiandae kunywa dawa ya kusafisha utumbo siku moja kabla, na usile kitu kigumu. Tutaondoka saa 12 asubuhi.